TAHADHARI kwa mnaoenda kusoma Cape Town: msinunue "kifurushi cha mawimbi" hapa Dar

Jamani naomba dakika zenu, hasa nyie mliopata udahili Afrika Kusini na mnaondoka mwezi huu au ujao. Kuna picha inazunguka Instagram ya dada mmoja kavaa tisheti ya njano, yuko Coco Beach, kashika ubao mweupe wa kuteleza kwenye mawimbi, anacheka, na chini imeandikwa mteja wetu yuko Cape Town anafurahia maisha. Yule dada ni mimi. Sikumpa mtu ruhusa ya kuitumia hiyo picha, na aliyeipiga ndiye aliyekula laki nane na nusu zangu, na humo ndani kulikuwa na hela ya mchezo wa mama yangu ambayo alikuwa ameisubiri miezi kumi.

Jina la ukurasa siliandiki kwa sababu keshalibadilisha mara tatu ninazozijua mimi, ukishika jina atakupita tu na jina jipya. Shikeni namna anavyofanya kazi, maana hiyo haijabadilika tangu mwaka juzi.

Mimi ni wa Tabata, bahari nilikuwa naiona sikukuu na Jumapili. Nilipopata chuo nikaanza kusoma kuhusu Cape Town, nikakuta ufukwe wa Muizenberg ndiyo sehemu watu wengi wanajifunzia kuteleza kwenye mawimbi, mawimbi yake yanakuja taratibu na chini ni mchanga, nikasema na mimi nikifika lazima nijifunze, ila hela yangu ilikuwa ya kuhesabu. Ndo nikakutana na tangazo lake. Kifurushi cha mwanafunzi: ubao, suti ya mpira ya kuogelea kwenye maji ya baridi, masomo matatu Coco Beach kabla ya safari, chumba cha mwezi wa kwanza kwenye nyumba ya wanafunzi hatua chache kutoka baharini Muizenberg, na ushauri wa visa juu yake. Vyote hivyo laki nane na nusu. Kwa mtu mwenye hela ndogo hiyo inaonekana kama neema, na ndo maana anatupata sisi. Mwenye hela zake haangaiki na vifurushi, anafika huko anakodi anachotaka.

Kwenye simu ni mpole kweli kweli, dada'angu hivi dada'angu vile, anakuuliza mpaka kozi unayoenda kusoma. Akaniambia nitoe laki nne kianzio kabla ya saa 4 usiku kwa sababu kuna watu wawili wanausubiri huo ubao. Nilivyoweka namba likatokea jina la mwanamke, nikamuuliza akasema ni mke wangu huyo, laini yangu imejaa. Nikatuma. Hapo ndo kosa la kwanza na naliandika wazi ili asirudie mwingine: jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri likiwa siyo la mtu uliyeongea naye, usimalizie muamala, hata kama ana sababu nzuri kiasi gani.

Jumamosi asubuhi akanipa somo la kwanza, na hilo alitoa kweli. Ilikuwa mwezi wa kwanza, kaskazi, bahari imetulia, vimawimbi vya magotini, na wenyeji wa Coco mnajua pale maji yakitoka miamba yote inabaki nje. Nilisukumwa mara nne tano juu ya ubao mzuri mweupe, nikapigwa picha, nikafurahi, nikammalizia hela yote palepale. Masomo mawili yaliyobaki hayakutokea, mara anaumwa, mara yuko Bagamoyo.

Na sasa ndo sehemu ambayo nataka msome polepole. Ubao ulioko kwenye ile picha siyo ubao niliopewa. Wa kwangu aliniletea siku mbili kabla ya safari, tulipanga saa 10 jioni akaja saa 2 usiku, umezungushiwa nailoni na solotepu kila sehemu, akasema nisifungue kabisa mpaka nifike kwa sababu uwanja wa ndege wanakwaruza. Nikamwamini. Nikaulipia na mzigo wa ziada kwenye ndege juu yake.

Kufika, dereva akanipeleka mpaka kwenye ile anwani ya Muizenberg. Akafungua mzee mmoja, akanisikiliza kwa upole sana, akaniambia hapa ni nyumbani kwangu binti, sijawahi kupangisha, na wewe ni wa pili mwezi huu. Nilikaa kwenye ngazi zake na mabegi na ule ubao nikalia. Mtanzania mwenzangu anayeishi Observatory, mtaa mwingine wa Cape Town, ndiye aliyenisitiri, nililala chini chumbani kwake wiki tatu mpaka nikapata kitanda hosteli, Mungu ambariki popote alipo.

Ubao niliupeleka kwenye duka la kukodisha pale Surfers' Corner, hapohapo ufukweni Muizenberg, nikitaka wanifungie mapezi ya chini. Jamaa aliunyanyua tu akanitazama. Akabonyeza kwa kidole gumba karibu na mkia, pakaingia ndani kama papai limeiva. Akaulaza ubavu, yakaanza kutoka matone ya maji. Ulikuwa umevunjika katikati zamani, ukaunganishwa, ukapigwa puti kama bampa la daladala, rangi juu, stika juu ya rangi. Maji ya chumvi yalishaingia kwenye sponji ya ndani na faiba imeachia. Na hata ungekuwa mzima usingenifaa, ulikuwa na urefu wa futi 5 na inchi 10, mwembamba, wa mtu anayejua. Anayeanza anahitaji ubao mrefu, futi 8 hivi, mnene, wenye sponji laini juu, unaelea vizuri na ukikupiga kichwani haukupasui. Yeye aliniambia huu ndo wanaanzia wote.

Suti ilikuwa ya mikono mifupi, milimita 2, mishono imeshaachia kwapani. Mwezi wa pili unaweza ukajikaza nayo kidogo kwa sababu ni kiangazi kule na maji ya False Bay, ile ghuba ya Muizenberg, yanakuwa na unafuu, ila ikifika mwezi wa sita wa saba maji yanashuka mpaka nyuzi 13, 14, na sisi tumezoea bahari ya Dar ambayo ni kama maji ya kuoga. Wenzangu wote huvaa za mwili mzima, milimita 4 kifuani na 3 mikononi. Na upande wa Atlantiki, Camps Bay na Clifton, maji ni ya baridi hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo msidanganywe na picha za jua.

Kuna mambo mawili aliyoniambia ambayo yananikera kuliko hela, kwa sababu yangeweza kuniharibia maisha.

La kwanza, alisema niende na pasipoti tu, visa ya masomo nitabadilishia hukohuko. Ni kweli pasipoti ya Tanzania inaingia Afrika Kusini bila visa mpaka siku 90, lakini hiyo ni ya matembezi. Visa ya masomo inaombwa kabla hujaondoka, na bahati yangu baba mdogo alinikazania nikaiomba mapema hapahapa Dar. Ningemsikiliza yule mtu ningekosa mwaka.

La pili, nilimuuliza kuhusu papa, akacheka, akasema huko hawapo. Wapo. False Bay ina papa, na pale Muizenberg kuna walinzi wanaokaa mlimani wakiangalia bahari kwa darubini tangu mwaka 2004, wanapandisha bendera. Kijani ni kwamba wanaona vizuri na hakuna papa, nyeusi ni kwamba maji hayaonekani vizuri, nyekundu ni tahadhari kubwa, na nyeupe yenye picha ya papa mweusi inaenda na king'ora, hapo unatoka majini bila kuuliza. Mtu anayemuuzia mtoto wa watu ubao wa kwenda kule na hamwambii habari ya bendera, kwangu huyo hajali kama utarudi. Akasema pia kuogelea siyo lazima kwa sababu una kamba ya mguuni. Kamba inakatika, na ukishikwa na mkondo unaovuta kuelekea kina kirefu ubao umeshakwenda, utaomba mikono na miguu yako. Kama hujui kuogelea jifunze kwanza hapa Dar, hiyo ndo hela ya kutumia kabla ya safari.

Nilijifunza hatimaye, na ilikuwa rahisi kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nakodi ubao laini na suti nzuri palepale ufukweni, randi 250 hivi kwa muda wangu, ni kama elfu thelathini na tano za kwetu, yaani ile laki nane na nusu ningekodi zaidi ya mara ishirini na mwili wangu ungekuwa na joto. Usafiri ni treni ya njia ya kusini, inapita Observatory na Rondebosch inashuka Muizenberg, kutoka kituoni unatembea tu, nendeni mchana na mrudi mapema. Kwenye chuo ulizia wanafunzi wanaoenda baharini, wanagawana gari na wanaazimana suti, mimi suti yangu ya sasa nimenunua kwa mwenzangu aliyemaliza chuo, nikaijaribu kwanza mwilini, nikalipa. Ubao wangu mwenyewe sijanunua mpaka leo, mwaka wa tatu huu, na sijaona hasara yoyote.

Sasa kwa nini naandika leo. Niko likizo nyumbani, wiki iliyopita mtoto wa jirani, binti wa miaka 19, anaondoka mwezi ujao, akaja kunionyesha kwenye simu eti dada angalia mpaka wewe wanakutangaza. Picha yangu. Kifurushi kilekile, bei imepanda imefika milioni moja na laki moja, anwani ya nyumba imebadilika. Picha nyingine amezikwapua tu, kuna moja ameandika stoo yetu Kigamboni, nyuma yake kuna vile vibanda vya mbao vya rangi rangi vya Muizenberg, na mchangani kuna ule mwani mnene mrefu kama mpira wa bustani. Nani kauona mwani huo Kigamboni. Binti alikuwa ameshatuma laki tatu saa moja kabla. Tulipiga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wa simu, hapohapo kuomba muamala uzuiwe, wakakuta hela imeshatolewa, maana urejeshaji unategemea uwahi kabla mwenzio hajatoa. Hata hivyo pigeni, dakika tano zina maana.

Namba yake tumeiripoti TCRA, mamlaka ya mawasiliano, kupitia 15040, ni bure, hata wewe ukipata meseji za kitapeli zipeleke huko. Na tumekwenda kituo cha polisi tumepata RB, ile namba ya taarifa ya polisi, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamgusa moja kwa moja huyu, ila askari alituambia wazi kwamba mlalamikaji mmoja mwenye skrinshoti tatu ni kazi ngumu, wakiwa wengi na miamala yao ni habari nyingine.

Kwa wale ambao wameshalipa na wanasubiri kuletewa: kataeni kupokea usiku. Mwambie alete saa 4 asubuhi, jua likiwaka, fungua nailoni yote mbele yake. Gonga kwa vifundo vya vidole kuanzia pua mpaka mkia, sauti ikibadilika sehemu moja ikawa nzito au tupu pana tatizo, bonyeza kwa gumba, angalia rangi kwa ubavu kama kuna mawimbi mawimbi, ulinganishe uzito na ukubwa wake. Kama una shaka uchukue bodaboda mpaka kwa mafundi wa boti za faiba, wale wanaujua ufa uliofichwa kuliko mimi na wewe. Akikukatalia kuufungua, usimpe hata mia. Na nyumba, mwambie mwenyeji yeyote aliyeko kule akapige hodi kabla hujalipa, Watanzania kule wapo na wengi wanasaidia bila kutaka chochote, hata mimi nikirudi naweza kwenda.

Mpaka sasa tuko watatu, mimi, huyu binti na kaka mmoja wa Mbagala aliyeniandikia juzi. Jumatatu asubuhi tunarudi kituoni pamoja. Kama na wewe ulimlipa, hata kama ni mwaka juzi, hata kama ni elfu hamsini, usifute meseji wala ile ya muamala, nitafute inboksi kabla ya Jumapili jioni nikutumie namba ya RB. Ukiona aibu hutaandikwa jina popote hapa, leta tu muamala wako.