Nusu kilo ya holunda kavu: niliyoyajua baada ya kutapika

Natoa nyota tatu kati ya tano, na moja kati ya hizo tatu ni ya supu.

Nilichonunua ni pakiti ya nusu kilo ya holunda kavu, yuro 12 na senti kadhaa, mtandaoni. Muuzaji simtaji, maana kosa kubwa lilikuwa langu mwenyewe. Wajerumani huliita tunda hili Holunder, Waingereza na Wamarekani elderberry. Hapa Hamburg mti wake unajiotea tu, kando ya reli na nyuma ya mapipa ya taka. Mwezi wa Juni unachanua maua meupe, na kuanzia mwisho wa Agosti vichala vinakuwa vyeusi na kuinamia chini. Punje zake zikikauka hunyauka zikawa kama pilipili manga. Nyumbani kwangu vitu hivyo viwili sasa haviwekwi rafu moja.

Pakiti ilifika Ijumaa jioni. Mimi nimelelewa Tanga kwa ubuyu na zabibu kavu, na kwetu ukifungua pakiti ya kitu kikavu unaonja kwanza, maswali baadaye. Nikachota konzi moja, nikawa natafuna huku natazama taarifa ya habari. Ladha yenyewe wala haina raha: ugwadu kidogo, uchungu kwa mbali, halafu mbegu zinazokwaruza ulimi. Nikachota konzi ya pili, kwa ule ukaidi wa mtu aliyekwisha kulipa.

Haikupita saa nikaanza kusikia kichefuchefu. Nilitapika mara tatu, na tumbo likaendesha mpaka usiku wa manane. Baba watoto akapiga simu kituo cha sumu kinachohudumia majimbo haya ya kaskazini, kilichoko Göttingen. Maswali waliyouliza ndiyo yaliyonifungua macho. Amekula kiasi gani? Zilikuwa zimepikwa au mbichi? Kulikuwa na majani au vijiti ndani? Anaweza kusimama bila kuona kizunguzungu? Wakaniambia ninywe maji kidogo kidogo, na kama pumzi itabadilika au nikianza kusinzia ovyo, niende hospitali bila kusubiri. Asubuhi nilikuwa mzima, nimechoka tu. Nikaichukua pakiti nikaigeuza nyuma. Chini ya tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa herufi za kusomea miwani, imeandikwa kwamba zipikwe kabla ya kuliwa.

Jumamosi nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Sauti mbona imekauka hivyo?"

Nikamweleza yote. Akanyamaza kidogo, kisha: "Kumbe ni kama muhogo mchungu. Sasa wewe muhogo mchungu unautafuna?"

Mama hakusoma kemia, lakini alipiga palepale. Muhogo mchungu una kitu kinaitwa linamarini. Holunda ina ndugu yake, sambunigrini. Vyote viwili vikivunjika hutoa sianidi, na ndiyo maana nyanya zetu waliloweka, wakavundika, wakaanika makopa juani. Katika holunda sumu hiyo imejaa zaidi kwenye majani, vijiti, magome na matunda yasiyoiva. Kwenye tunda lililoiva ni kidogo, na mbegu nazo zina sehemu yake. Neno letu "mbichi" hapa linabeba mizigo miwili, na yote inahusika: tunda ambalo halijaiva mtini na tunda ambalo halijapita motoni. Kukaushwa si kupikwa. Hilo ndilo nililolikosea.

Kama unadhani natia chumvi, kuna kisa kilichoandikwa na wataalamu wa afya wa Marekani. Agosti 1983, kwenye mkusanyiko wa watu 25 huko Monterey, California, waliandaa juisi ya holunda za porini, wakazikamua pamoja na majani na vijiti. Walipoinywa, watu 11 walianza kuumwa ndani ya dakika 15, na wanane wakabebwa kwa helikopta hadi hospitali. Aliyekunywa glasi tano ndiye aliyelazwa. Wote walipona. Juisi ile haikuwa imepikwa.

Dawa yake ni moto na sufuria iliyo wazi. Joto huivunja sambunigrini, na sianidi inayotoka huchemka kwenye nyuzijoto 26 tu, kwa hiyo maji yakitokota inaondoka na mvuke. Ukifunika sufuria unairudisha ndani. Mimi hufungua na dirisha pia, hata theluji ikianguka, na watoto wanalalamika.

Sasa nije kwenye supu, maana ndiyo iliyoiokoa pakiti hii isitupwe.

Ghorofa ya chini kwetu anaishi bibi mmoja mzaliwa wa hapahapa Hamburg. Nilipomsimulia yaliyonikuta alicheka, kisha akanisahihisha: hiyo si Holunder, hiyo ni Flieder. Sehemu nyingine za Ujerumani ukisema Flieder unamaanisha ua la zambarau la bustanini ambalo halina uhusiano wowote na chakula, ila watu wa kaskazini wana jina lao na hawalibadilishi. Supu yao ya msimu wa baridi ndiyo Fliederbeersuppe. Akaniambia nipande nikaichukue ile pakiti, nishuke nayo.

Nilishuka na gramu 150. Kwanza alizimwaga kwenye sinia jeupe, akavaa miwani, akaanza kuchambua kama mtu anayechambua mchele. Kila kijiti alichokiona alikitoa, hata kile kifupi kama kipande cha njiti ya kiberiti. Kisha akaziloweka saa moja kwenye maji lita moja na kitu, akaziweka motoni na maji yaleyale, bila mfuniko. Zilipotokota akapunguza moto, zikaendelea taratibu kwa dakika 40. Harufu yake mwanzoni si nzuri, ni kama majani yaliyolowa mvua. Baada ya nusu saa inageuka, inakuja ya zabibu zilizopikwa na udongo kidogo. Akachuja kwa chujio la waya, akabonyeza kwa mwiko lakini si kwa nguvu, mbegu na maganda akavitupa.

Kilichobaki ni maji meusi yanayong'aa kama wino. Akatia matufaha mawili yaliyokatwa vipande, sukari, kijiti cha mdalasini na ganda la limau, akaongeza uzito kwa wanga wa viazi ulioyeyushwa kwenye maji baridi. Pembeni alikuwa amepika semolina kwa maziwa na siagi, akapigia yai, akawa anachota kwa kijiko cha chai na kudondosha vidonge vyeupe ndani ya ule weusi. Inaliwa ya moto. Mtu wa pwani ukionja mara ya kwanza utadhani umepewa uji uliokosa njia, lakini kijiko cha tatu ukikifikia, bakuli linaisha. Mimi kwangu naongeza iliki. Bibi aliionja yangu, akasema si mbaya, na kwa mtu wa Hamburg hayo ni maneno mazito.

Matumizi ya pili ni shira. Gramu 100 za holunda, maji lita moja, karafuu nne, kipande cha tangawizi kilichopondwa. Unachemsha vilevile bila mfuniko mpaka yabaki kama nusu, unachuja, halafu sukari kama gramu 200 au asali. Asali itie ikishapoa kidogo, na mtoto wa chini ya mwaka mmoja usimpe kitu chenye asali. Mwisho limau. Hapa simama uangalie: tone la limau likiingia, zambarau inageuka nyekundu mbele ya macho yako, kama choya inavyofanya, maana rangi zote mbili ni za jamii moja, antosianini. Shira hii naichanganya na maji ya moto, au naimwaga juu ya vitumbua. Inakaa kwenye friji wiki mbili, iliyobaki naigandisha kwenye kitrei cha barafu. Usiijaze kwenye chupa ukaiweka kabatini miezi, maana holunda peke yake haina ukali wa kutosha kuwazuia bakteria wa botulizimu (sumu ya chakula inayoweza kuua), na hao hawaonekani wala hawanuki.

Keki ilinishinda. Niliziloweka na kuzichemsha kwanza, nikazichanganya kwenye unga wenye magadi soda, nikatarajia keki ya zambarau ya kupigia picha. Ilitoka kijivu chenye ubuluu, kama saruji iliyoloa. Magadi yanaigeuza rangi upande wa pili wa limau. Watoto waliila gizani. Na kanga yangu ya jikoni ina doa ambalo limeshafuliwa mara sita, limehama tu kutoka zambarau kwenda samawati.

Lishe je? Muuzaji amebandika maneno mengi mno. Holunda mbichi, yaani ambazo hazijakaushwa, gramu 100, zina maji karibu asilimia 80, kilokalori 73, wanga gramu 18, nyuzinyuzi gramu 7, chuma miligramu 1.6, potasiamu miligramu 280 na vitamini C miligramu 36. Ukiikausha, maji yanaondoka na sukari na nyuzinyuzi zinajilimbikiza, lakini vitamini C inapungua, na ukiichemsha dakika 40 inapungua tena. Hata ikiwa mbichi haifikii chungwa, lenye miligramu 53 hivi. Kwa hiyo anayeinunua kwa ajili ya vitamini C bora anunue machungwa, na kama yuko Muheza amsalimie muuzaji kwa niaba yangu. Nyuzinyuzi nazo, ukichuja, nyingi zinabaki kwenye chujio. Kinachobaki kwenye bakuli ni rangi, ladha, madini kidogo na antosianini, na mimi hayo yananitosha.

Lililoniudhi ni ile karatasi iliyokuja ndani ya pakiti ikisema holunda inazuia mafua na kuongeza kinga. Maandishi ya kusifu yalikuwa makubwa kuliko onyo la kupika mara nne, nimepima kwa rula. Zipo tafiti, ndiyo. Moja ya Norway iliyochapishwa 2004, ya wagonjwa 60 wa homa ya mafua, iliona waliokunywa shira ya holunda walipata nafuu siku nne mapema. Nyingine ya Cleveland, Marekani, iliyochapishwa 2020, ya wagonjwa 87, haikuona faida yoyote. Zote ni ndogo, na zinavutana. Wakati wa korona mamlaka za Marekani ziliwaandikia barua za onyo wauzaji waliodai inatibu. Na wifi yangu, ambaye ni mjamzito, aliponiomba shira nilimwambia amuulize mkunga wake kwanza. Alininunia siku mbili. Anayetumia dawa za kushusha kinga ya mwili, kama waliopandikizwa figo, naye amuulize daktari wake.

Kuhusu bidhaa yenyewe: punje ni nzima, hazina mchanga, hazina ukungu, harufu ni safi. Lakini nilipochambua pakiti yote na kuweka kwenye mizani ya jikoni, nilitoa gramu 11 za vijiti na punje kadhaa za rangi ya kahawia iliyopauka ambazo naamini zilichumwa hazijaiva. Kwa tunda la namna hii nyota ya kwanza imeondoka hapo. Ya pili imeondoka kwa herufi za onyo. Nilimwandikia muuzaji nikamwambia alihamishe mbele. Akanijibu kwa upole na kunipa punguzo la asilimia 10 kwa pakiti ijayo. Onyo bado liko nyuma, nimeangalia jana kwenye picha ya bidhaa.

Punguzo sikulitumia. Septemba bibi wa chini alinichukua kando ya reli kuchuma mbichi, akanionyesha kukwanyua punje kwa uma kutoka kwenye kichala, na kuziacha za kijani zibaki kwenye kijiti chake. Nilirudi na ndoo. Zile mbichi zina balaa lake: zinaacha utando wa kijani unaonata ukutani mwa sufuria, sabuni inapita juu tu. Kinachoutoa ni mafuta ya kupikia, unasugua kwa kitambaa kwanza ndipo unaosha.

Holunda kavu zilizobaki ziko kwenye chupa ya kioo, mbali na mwanga, yenye kifuniko cha kukaza. Juu yake nimebandika karatasi kwa kalamu nyekundu: HAZIONJWI. Mwanangu wa miaka saba ameongeza chini yake, kwa mwandiko wake, "mama alionja".