Kutuma mizigo kwenye Camino de Santiago: nilichofurahia kukilipia na kilichonikera

Camino Francés, njia ya mahujaji inayoanzia Saint-Jean-Pied-de-Port nchini Ufaransa na kuishia Santiago de Compostela huko Hispania, ina urefu wa kilomita 780 hivi. Mwaka 2024 mahujaji karibu nusu milioni walipokelewa rasmi Santiago kupitia njia zote, na umati huo umezaa biashara kubwa ya kubeba mabegi. Mimi nilitumia huduma mbili. Watu huzichanganya sana, kwa hiyo nitazieleza moja moja, maana moja ningeilipia tena hata kesho, na nyingine ina masharti ambayo matangazo yake hayayasemi.

Nianze na niliyoipenda. Nilikuwa na sanduku la magurudumu lenye nguo za mjini, viatu vya heshima na vitabu, vitu vya sehemu ya safari itakayofuata baada ya kutembea. Huwezi kulikokota lile juu ya mawe ya Camino. Posta ya Hispania, Correos, ina huduma iitwayo Paq Peregrino: unapeleka mzigo ofisini kwao, unaeleza unatarajia kufika Santiago lini, wanautuma na kukutunzia hadi uje. Kwa kuwa nilipitia Pamplona kabla ya kupanda basi la kwenda Saint-Jean, nilimalizana nao hapo hapo. Sanduku likawekwa kwenye mizani, likabandikwa stika, nikapewa risiti yenye namba ya kufuatilia, nikatoka nikiwa na begi la mgongoni tu. Anayefika kupitia Ufaransa anaweza kupata huduma ya aina hiyo palepale Saint-Jean, kwa Express Bourricot, walio kwenye Rue de la Citadelle, mtaa uleule wa ofisi ya mahujaji.

Sina la kulalamika hapo. Ila ukumbuke kwamba Hispania ofisi nyingi za posta hazifunguliwi Jumapili, na kila jimbo lina sikukuu zake. Ukitua Pamplona Jumamosi jioni ukiwa na mpango wa kuanza kutembea Jumapili, sanduku lako litakuwa mwenzako mpaka Jumatatu.

Huduma ya pili ni ile ya kila siku. Wewe unatembea, begi linatangulia kwa gari hadi utakapolala. Correos wanaiita Paq Mochila, na kuna kampuni nyingine kadhaa zinazoshindana nao. Bei ya kawaida ni kati ya euro 5 na 8 kwa begi moja kwa mwendo wa siku, kama kilomita 25. Kuanzia Sarria, mji ulio kilomita mia moja na ushei kabla ya Santiago, bei hushuka, maana wateja ni wengi na ushindani ni mkali. Uzito unaoruhusiwa ni kilo 15 hadi 20 kutegemea kampuni, na hawatanii: dereva anashika mabegi mengi kila asubuhi, akilinyanyua lako tu anajua.

Utaratibu wenyewe ni wa kizamani kidogo, na mimi niliupenda. Pale mapokezi kwenye albergue, yaani hosteli ya mahujaji, kuna rundo la bahasha za kampuni mbalimbali. Unachukua moja, unaandika jina lako, simu, tarehe, unakotoka na unakokwenda, unatia pesa ndani kama hukulipa mtandaoni, kisha unaifunga kwenye mkanda wa begi kwa kamba yake. Begi liwe mapokezi saa mbili asubuhi. Mchana, kati ya saa nane na saa tisa, linakuwa limekwishafika. Mara nyingi nililikuta likinisubiri mlangoni, limeegemezwa ukutani kati ya mabegi mengine ya rangi zilezile za bluu na kijivu. Funga kitambaa cha rangi kali kwenye mpini. Mabegi yote ya Camino ni kama yametoka tumbo moja.

Sasa masharti. Ukituma begi, ni lazima ujue utalala wapi kabla hujatoka asubuhi. Linasikika jambo dogo hadi siku ya tatu au ya nne, unapofika kijiji kizuri saa sita mchana, miguu imechoka, kuna kivuli na watu wa kupiga nao soga, lakini nguo zako ziko kilomita 9 mbele. Unainuka unaenda. Kwangu hilo lilikuwa zito kuliko begi lenyewe. Raha ya njia ile ni kusimama unapotaka, na huduma hii inakufungia ratiba.

Kuna na jingine. Hosteli nyingi za manispaa na za parokia hazipokei mabegi yaliyotumwa, na kule Galicia hosteli za umma za Xunta, serikali ya jimbo, hazipokei kabisa na wala hazikuwekei nafasi. Kwa hiyo anayetuma begi analazimika kulala kwenye hosteli za watu binafsi, ambazo ni ghali zaidi. Euro 6 za gari si gharama yote; ongeza tofauti ya bei ya kitanda, kila usiku, ndipo upige hesabu.

Niliwahi pia kupotezewa begi kwa saa kadhaa. Jina la kampuni silitaji. Kijiji kilikuwa na hosteli mbili zenye majina yanayokaribiana, dereva akalishusha kwingine. Nilipiga simu iliyoandikwa kwenye bahasha, nikaambiwa mzigo umefika. Umefika wapi? Umefika. Mwenye hosteli alinionea huruma akazunguka nami kwa miguu hadi tukalikuta nyuma ya kaunta ya baa, jua likielekea kuzama. Sikuombwa radhi na yeyote wa kampuni. Tangu hapo nikawa naandika anwani kamili na simu ya hosteli juu ya bahasha, na kuipiga picha kabla sijaondoka. Picha hiyo inamaliza ubishi haraka sana.

Kwa hiyo ninachopendekeza ni kutuma begi kwa gari siku ngumu tu. Siku ya kwanza kutoka Saint-Jean kwenda Roncesvalles unapanda kutoka chini ya mita 200 hadi zaidi ya mita 1,400, halafu unateremka mteremko unaotesa magoti. Hapo lipa, usijifanye shujaa. Mlima wa O Cebreiro pia. Na siku yoyote ambayo malengelenge yanakutesa au goti limegoma. Siku nyingine beba mwenyewe, mradi begi halizidi asilimia 10 ya uzito wako, kanuni inayosemwa na kila mtu kule: mtu wa kilo 65 abebe kilo 6 na nusu. Kama huwezi kufikia hapo, sanduku la Santiago lipo, lijaze zaidi.

Wapo watakaokuambia hujaji wa kweli hubeba mzigo wake. Usiwajibu. Compostela, yaani cheti anachopewa hujaji aliyefika Santiago, kinadai utembee angalau kilomita 100 za mwisho, au 200 kwa baiskeli, na ugonge mihuri kwenye pasipoti ya hujaji (kijitabu cha kukusanyia mihuri ya njiani), miwili kwa siku katika kilomita hizo. Hakuna anayepima begi. Pasipoti hiyo, hati ya kusafiria, dawa, pesa, chaja na koti la mvua visikae kamwe kwenye begi linalotumwa. Nunua kimkoba chepesi cha mgongoni. Na kunguni: mabegi yanalundikwa pamoja garini na sakafuni kila siku, kwa hiyo likague begi lako kabla hujaliweka karibu na kitanda, na usiliweke juu ya kitanda.

Santiago kwenyewe, usiende moja kwa moja Kanisa Kuu na begi mgongoni. Mabegi makubwa hayaruhusiwi ndani, na wengi hugundua hilo mlangoni, misa ya mahujaji ya saa sita mchana ikikaribia kuanza. Ofisi ya Correos iliyopo Rúa do Franco ni mwendo wa dakika chache tu kutoka hapo, ina sehemu ya kuhifadhi mizigo kwa euro chache kwa siku, na ndipo nilipochukua sanduku langu kwa kuonyesha hati ya kusafiria na risiti. Kama unapanga kuendelea hadi Fisterra, pwani, kilomita 90 hivi zaidi, usilichukue bado. Waambie mapema waongeze siku za kulitunza, ulipie tofauti utakaporudi kwa basi.