Kilainishi kikavu cha cheni ya baiskeli: uliza kinakauka lini

Kila kiangazi wasomaji huniandikia lalamiko lile lile: wamenunua kilainishi kikavu, wamepaka asubuhi, wametoka Ngong kuelekea Kiserian, na cheni imerudi nyeusi kama iliyochovywa kwenye lami. Wanadhani wameuziwa feki. Mara nyingi chupa ni halali. Tatizo ni kwamba walipanda baiskeli kabla dawa haijakauka.

Jina “kilainishi kikavu” linapotosha. Ndani ya chupa mna nta au unga laini uliochanganywa na maji au kiyeyushi, kwa sababu bila umajimaji nta haiwezi kupenya hadi kwenye pini na rola, mahali ambapo cheni huliwa. Umajimaji huo ukishafika huko lazima uondoke. Ukitoka nao barabarani, vumbi la murram linanasa, linaingia ndani na kusaga chuma kila unapokanyaga pedali. Kwa hiyo sipimi harufu, wala kilomita zilizoandikwa kwenye lebo. Nauliza inakauka lini na inabakiza nini.

Ya kwanza kwangu ni Squirt ya Afrika Kusini, na sifichi kwamba naipenda. Ni nta ndani ya maji. Paka jioni, zungusha pedali kinyumenyume, lala; asubuhi vumbi halina pa kushika. Ina sharti moja ambalo wauzaji hawalitaji: cheni mpya huja na grisi ya kiwandani, na nta haishiki juu ya grisi. Ioshe kwa mafuta ya taa mbali na moto, kisha kwa spiriti, maana mafuta ya taa nayo huacha utando. Toleo lao la maeneo ya baridi halituhusu.

Ya pili ni nta ya kuyeyusha na kuchovya cheni ndani yake, kama ile ya kampuni ya Silca yenye tungsteni disulfaidi, unga wa kulainisha. Kwa kigezo changu ingeongoza, kwani ikipoa tu imekauka. Lakini lazima uvue cheni, na nta hiyo usiiweke moja kwa moja juu ya jiko, inaweza kuwaka. Watu wengi wataichoka.

Ya tatu ni Finish Line ya kifuniko chekundu. Ni nzuri kwenye vumbi, ila mvua ikikunyeshea, paka upya. Ile ya kifuniko cha kijani ni ya mvua. Kuna muuzaji aliyenipa ya kijani huku akiniapia kwamba ni kitu kimoja, rangi tu. Si kweli! Ya kijani kwenye vumbi ni balaa.

WD-40 ya kawaida ilibuniwa 1953 kwa ajili ya kufukuza maji. Isafishie cheni ukitaka, usiitegemee kulainisha. Oili ya injini na mafuta ya cherehani ni ya bei ya chini na hunasa kila chembe.

Kinachoniudhi zaidi ni mtindo wa kumimina vilainishi kwenye vichupa visivyo na lebo na kuviuza vyote kama “mafuta ya cheni”. Utajuaje kama ni nta au oili, na usubiri muda gani? Squirt wanatengeneza pia kichupa cha ml 15, kinachomtosha mtu anayetaka kujaribu, lakini dukani naonyeshwa cha ml 120 tu. Kidaini hicho kidogo. Wauzaji wakiulizwa na wateja wengi, watakiagiza.