Laini ya tatu ya metro ya Cairo: nimeipanda kabla haijavuka Nile, nimeipanda tena ilipovuka

Kila mwaka, vijana wa Ujiji na Mwanga waliopata nafasi ya kusoma Misri huletwa nyumbani kwetu na wazazi wao. Wanauliza chumba, wanauliza chakula, wanauliza baridi ya Januari. Usafiri hawaulizi, na usafiri ndio uliotaka kunirudisha Kigoma mwaka wangu wa kwanza. Kwa hiyo leo naandika juu ya usafiri tu, tena laini moja tu, ile ya tatu ya metro, yaani treni ya mjini inayopita sehemu kubwa chini ya ardhi, ambayo naijua kuliko ninavyoijua barabara ya Ujiji kwenda Kigoma mjini.

Nilifika Cairo Septemba 2013. Nilipanga chumba Abbassia kwa mama mmoja mjane tuliyemwita Hagga, kama Wamisri wanavyomwita mama yeyote mtu mzima kwa heshima. Chuo changu kilikuwa kile cha wanawake cha Chuo Kikuu cha Ain Shams, upande wa Heliopolis. Laini ya tatu ilikuwa imefunguliwa Februari 2012, lakini ilikuwa fupi: Attaba, Bab al-Shaaria, al-Geish, Abdou Pasha, Abbassia, basi. Vituo vitano. Mimi nilikuwa nakaa pale inapoishia, na chuo kilikuwa mbele yake. Asubuhi nilikuwa naipita milango ya metro nikaenda kugombania mabasi madogo juu, kondakta anapiga kelele jina la mtaa ambalo sikio langu la Kiarabu cha madrasa halilikamati. Mara mbili nilipelekwa nisikokujua. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikalia, siwezi kuficha.

Mei 2014 wakaongeza vituo vinne kutoka Abbassia kwenda mashariki. Cha kwanza viwanja vya maonyesho, cha pili Stadium, cha tatu kinaitwa Kulliyat al-Banat, yaani Chuo cha Wasichana. Ndicho chuo chetu hicho. Cha nne Al Ahram. Siku ya kwanza nilisimama kwenye jukwaa nikisoma jina hilo ukutani kwa herufi kubwa, mtoto wa mvuvi wa Ujiji, nikaona kama kituo kimeandikwa kwa ajili yangu. Vituo vitatu kutoka nyumbani. Tiketi wakati huo ilikuwa pauni moja ya Misri, uende kituo kimoja au uende mwisho wa mji. Ile ya siku hiyo bado ninayo, imekaa ndani ya msahafu wangu wa safari.

Nataka vijana waelewe jambo hili, maana watu huitathmini metro kwa ubaridi wa kiyoyozi na usafi wa viti. Hivyo vipo, na laini ya tatu ni mpya, inang'aa. Lakini mimi naipima kwa kuuliza: leo imeishia wapi? Laini ndefu chini ya mji haijengwi mara moja. Hupangwa kwa awamu, na kila awamu ina kituo cha mwisho, na kwenye hicho kituo cha mwisho kuna mtu kama mimi anayetoka juu kutafuta basi. Kusogeza mwisho huo kwa vituo vinne kulinipa saa za kulala na kunipunguzia woga.

Historia yake kidogo. Metro ya Cairo ilianza 1987, na ndiyo ya kwanza Afrika. Waliopanga laini ya kwanza walifanya jambo la akili: kulikuwa na reli ya juu inayotoka Helwan kusini na nyingine ya upande wa al-Marg kaskazini, wakaziunganisha kwa handaki la kilomita kama nne na nusu chini ya katikati ya mji. Laini ya pili ikaja miaka ya 1990, kutoka Shubra, ikapita chini ya Nile kwenda Giza. Zote mbili zinakwenda zaidi kaskazini na kusini. Mtu wa mashariki anayetaka kwenda magharibi alibaki juu kwenye foleni ya magari, na foleni ya Cairo si ya kusimuliwa. Laini ya tatu ndiyo ya kumkatia mtu huyo njia.

Mwaka ule nilipofika, kituo cha Sadat, kilicho chini ya uwanja wa Tahrir, kilikuwa kimefungwa kwa sababu za usalama tangu Agosti 2013. Hakikufunguliwa mpaka Juni 2015. Laini ya kwanza na ya pili zilikuwa zinakutana Sadat na Al-Shohadaa tu, kwa hiyo mji mzima ukawa unabadilishia treni Al-Shohadaa. Na laini yetu ya tatu ilikuwa inagusana na ya pili tu, pale Attaba. Kwenda Maadi, mtaa wa kusini ulio kwenye laini ya kwanza, kumwona rafiki yangu nilibadilisha treni mara mbili, katikati ya umati unaokubeba bila miguu yako kugusa chini. Pale ndipo nilipojua kwamba vituo viwili vya kubadilishia si vingi kwa mji mkubwa. Kimoja kikifungwa, kingine kinazama.

Ujenzi wenyewe nilielezwa na kaka mmoja wa Kasulu aliyekuwa akisoma uhandisi Ain Shams. Mtu wa Ujiji aliyewahi kuchimba kisima karibu na ziwa ataelewa upesi: ukifika chini kidogo maji yanapanda, mchanga unaporomoka, shimo linajifukia. Cairo imekaa juu ya mchanga na tope la mto, na maji ya ardhini yako karibu. Kwa hiyo kituo hakichimbwi kwanza. Kwanza wanakata mfereji mwembamba wa kina kirefu kuzunguka eneo lote, wanamimina zege, unapata kuta nne zimesimama ardhini kabla hujatoa koleo moja la mchanga katikati. Wanaimarisha udongo wa chini ili maji yasipande. Ndipo wanachimba ndani ya sanduku hilo. Kati ya kituo na kituo inapita mashine ya kutoboa, inakata mbele na nyuma yake inapanga vipande vya zege kuwa bomba, na ndani ya bomba moja zinapita reli mbili, ya kwenda na ya kurudi.

Kwa maelezo inasikika safi. Kwa Hagga haikuwa safi. Marehemu mumewe alikuwa na duka la vifungo na nyuzi mtaa wa al-Geish, na laini inapita chini ya mtaa huo huo. Uzio uliposimamishwa, wateja wakapotea. Mwanamke anayetafuta vifungo sita vya kanzu hawezi kuzunguka mabati nusu saa wakati Attaba kuna maduka mia. Mwaka 2009 ardhi ilititia pale Bab al-Shaaria wakati wa uchimbaji, na tangu hapo mume wake akawa hapati usingizi, anasikiliza kuta. Duka lilifungwa kabla treni ya kwanza haijapita. Nilikaa kwa Hagga miaka mitano na sikumwona hata siku moja akishuka zile ngazi.

Kwa hiyo niliposikia wakazi wa Zamalek wanakataa kituo kwenye kisiwa chao, sikuwacheka kama wenzangu walivyowacheka. Zamalek ni mtaa wa watu wenye uwezo, wa balozi na majumba ya zamani, na wengi walisema ni kiburi cha kutotaka watu wa mitaa mingine wafike. Labda kilikuwepo. Lakini hofu ya nyumba kupasuka naijua, nilikunywa nayo chai kila jioni. Mwisho kituo kilijengwa, na mimi nasema kilistahili kujengwa: treni ipite chini ya kisiwa kizima bila kusimama, wapishi na wauguzi na walinzi wanaofanya kazi pale waendelee kupanda mabasi? Hapana. Kinaitwa Safaa Hegazy, jina la mtangazaji mwanamke aliyefika kuongoza umoja wa redio na televisheni wa Misri, akafariki 2017.

Niliondoka 2018 laini ikiwa bado inaishia Attaba upande wa magharibi. Baadaye ikarefuka mashariki mpaka Heliopolis, na Agosti 2020 ikafika Adly Mansour. Oktoba 2022 ikavuka mto hadi Kit Kat. Mei 2024 ikafika Chuo Kikuu cha Cairo.

Mwaka huo huo wa 2024 nilirudi, nikimpeleka mdogo wangu wa kiume kuanza masomo katika chuo hicho. Tulipanda Abbassia asubuhi, vituo kumi na tatu, bila kubadilisha treni. Kutoka Attaba tukapita Nasser, ambako sasa laini ya tatu inagusana na ya kwanza. Ule mzunguko wangu wa Maadi haupo tena. Baada ya Maspero nikamshika mkono mdogo wangu nikamwambia, sasa tuko chini ya Nile. Akatazama dari. Safaa Hegazy, kisha chini ya mkono wa pili wa mto, tukatokea Kit Kat. Alikuwa kimya kabisa. Bibi yetu Ujiji alikuwa amemuuliza kabla hatujaondoka kama maji hayavuji, na yeye alikuwa anakagua.

Sasa mambo ya kutumia. Baada ya Kit Kat laini inagawanyika: tawi moja linakwenda kaskazini, upande wa Imbaba na barabara ya Rod al-Farag, lingine kusini kwenda Chuo Kikuu cha Cairo. Soma ubao wa jukwaani kabla hujaingia, usifuate watu. Akina dada, mabehewa ya wanawake yako katikati ya treni na yamewekewa alama jukwaani. Simama pale mapema, hasa Attaba, maana milango ikifunguka huna muda wa kukimbia. Nauli si ile pauni yangu moja tena. Machi 2017 ilikuwa pauni mbili, Mei 2018 wakaanza kuhesabu kwa vituo, na tulipokuwa kule 2024 ilikuwa pauni 8 kwa vituo tisa vya mwanzo, 10 hadi kumi na sita, kisha 15 na 20. Tunza tiketi yako, utaidaiwa getini unapotoka.

Kasoro yake kubwa kwangu ni kwamba haifiki ndani ya uwanja wa ndege. Kijana wa Kigoma ametua usiku, ana sanduku na ndoo ya mawese aliyofungiwa na mama yake, anahitaji gari kwanza ndipo akutane na treni. Na mpango wa mwanzo ulikuwa laini hii ifike uwanja wa ndege. Kasoro ya pili ni muda. Kati ya kufunguliwa Attaba na kuvuka mto ilipita zaidi ya miaka kumi, na aliyeanza chuo 2012 Abbassia akitaka kusoma ng'ambo alimaliza na kuoa kabla treni haijafika. Sisi watu wa mwisho wa reli tunaijua subira hiyo: Wajerumani walifikisha reli Kigoma 1914, na sasa tunasubiri ya kisasa kutoka Tabora, kilomita 506. Lakini kujua subira si kuiona nzuri.

Pamoja na hayo naipa nyota nne na nusu kati ya tano, na nusu niliyobakiza ni ya mume wa Hagga.

Mwaka wangu, ushauri kwa mwanafunzi ulikuwa mmoja: panga karibu na chuo, hata kodi ikikuumiza. Mdogo wangu anasoma ng'ambo ya mto na amepanga Abbassia, kwa Hagga, chumba kile kile changu, dirisha linatazama ua wenye mzabibu. Asubuhi Hagga anamsindikiza mpaka juu ya ngazi za kituo, anamkabidhi mkate uliofungwa kwenye gazeti, anarudi nyumbani.