Büyükada: nilipanda faitoni, sasa nimepanda kigari cha umeme

Wenzangu mnaoenda Istanbul kuchukua mzigo Laleli, ule mtaa wa maduka ya jumla, mkibakiwa na siku moja nendeni Büyükada. Meli mnapandia Eminönü au Kabataş, kama saa moja na nusu hivi mko kisiwani. Mimi nilienda 2018, nikarudi tena mwaka jana, na usafiri umebadilika kabisa kwahiyo naongelea zote mbili.

2018 zilikuwepo faitoni. Kigari chepesi cha wazi, magurudumu manne, farasi wawili wenye njuga. Jina la Kigiriki hilo, Phaethon mtoto wa jua aling'ang'ania kuendesha gari la baba yake likamshinda akapigwa radi, na Waingereza karne ya 18 wakaviita hivyo vigari vyao vya mbio vilivyoinuka juu, vijana wa kitajiri walivigombania maana raha yake ilikuwa hatamu unashika mwenyewe, humpi dereva, mji mzima unakuona. George wa Nne alivipenda mno kabla hajawa mfalme, alivyonenepa akatengenezewa cha chini, 1824, cha kupanda bila taabu.

Büyükada ndo walikuwa wanakuja matajiri wa Istanbul kupumzika kiangazi, Wagiriki, Waarmenia, Wayahudi, Waturuki, na magari ya kawaida hayaruhusiwi, kwahiyo hata mgeni kama mimi akikodi faitoni anapita mbele ya yale majumba ya mbao kama mwenye nyumba. Nilichukua ule mzunguko mrefu. Misonobari inanukia, kwato zinagonga lami, tunapita hoteli ya Splendid ya 1908, yaani nilijisikia bi harusi kabisa.

Halafu tukafika mlimani. Farasi wa kulia akateleza, povu limemjaa mdomoni, jua la Julai, dereva anamchapa tu. Nikamwambia kaka simamisha nishuke, hataki, nikaruka nikamlipa hela yote nikamaliza kwa miguu. Hiyo picha haijanitoka mpaka leo.

Disemba 2019 farasi zaidi ya 80 waliuliwa kwa ugonjwa wa kuambukiza, faitoni zikasimamishwa, na 2020 manispaa ikawanunua farasi na faitoni zenyewe, ikaleta vigari vya umeme.

Sasa hivyo vya umeme. Ni kama bajaji iliyorefushwa, visafi, kimya, unagonga kadi ya nauli, Istanbulkart, ileile ya kwenye tramu na hakuna wa kukupandishia bei. Harufu ya mavi ya farasi iliyokuwa inakupokea pale bandarini imeisha. Ila mnakaa mmebanana, dereva hasimami upige picha, na uzuri hamna, nisiwadanganye, hakuna anayegeuka kukuangalia. Mimi nakubali hiyo, faitoni sipandi tena popote.

Shukeni kituo cha Lunapark mpande kwa miguu mpaka kanisa la Aya Yorgi, ni mwinuko kwelikweli, vaeni raba. Nendeni siku ya kazi, asubuhi, wikiendi msithubutu.

Nyota nne. Moja nimekata kwa foleni, nilisimama dakika arobaini juani na mtoto mgongoni, wangeweka hata turubai.