Reflekta za watoto kutoka Kariakoo: alfajiri zinafaa, mchana bado napigana na madereva

Wanangu wanavuka Barabara ya Mandela pale Tabata kwenda shule, na mwezi wa saba jua la Dar linachomoza karibu saa 12 na nusu. Wao wanatoka nyumbani bado giza, wamevaa sare za bluu iliyokoza, huku malori ya bandarini yanakimbilia Ubungo. Ndiyo maana nikawanunulia vizibao vya reflekta, shilingi 6,000 kimoja.

Kitambaa ni cha kijani kinachong'aa, chepesi, hakiwatoi jasho. Mistari ya fedha ipo mbele na nyuma. Ile mistari inarudisha mwanga kule kule ulikotoka, kwa hiyo ukisimama pembeni ya barabara huoni ajabu yoyote. Nilimwomba kijana wa bajaji jirani yetu awashe taa, nikakaa kwenye kiti chake, watoto wakasimama mwisho wa uchochoro. Waliwaka! Bila vizibao nilikuwa naona miguu tu. Ila bodaboda anayepita amezima taa haoni kitu, na hao tunao wengi.

Kasoro kubwa: begi la mgongoni linafunika mstari wote wa nyuma. Fundi cherehani alinishonea vipande vya reflekta kwenye mabegi, sasa nina amani kidogo. Fueni kwa mkono, msisugue kwa brashi wala kupiga pasi, mistari inabanduka.

Mchana ndipo roho inaniuma. Dereva anamwona mtoto vizuri kabisa na hasimami. Tena hatari zaidi ni pale mmoja anaposimama: daladala inatulia kwenye zebra, mtoto anaanza kuvuka, gari la njia ya pili linaipita ubavuni kwa kasi kwa sababu mtoto amefichwa na ile daladala. Hapo kizibao hakina msaada. Wangu nimewafundisha wakifika pembeni ya gari lililosimama nao wasimame, wachungulie kwanza njia ya pili, hata kama konda anawapigia kelele wavuke haraka.

Wazazi wenzangu, nunueni. Nyota nne. Chagueni chenye mistari miwili nyuma, na mkijaribu kwa tochi ya simu ishikeni karibu na jicho, muone kama kweli kinawaka kabla hamjalipa. Vingine ni rangi ya fedha tu.