Hita iliyonisaidia kuwainua samaki waliofika wamepigwa na baridi

Hita hii ya kupasha maji ya tangi la samaki ninayo kwa miezi minane sasa, lakini thamani yake niliijua siku walipofika samaki malaika sita niliowaagiza kutoka mbali. Boksi la stairofomu lilikuwa zima, ila pakiti ya joto iliyowekwa ndani ilikuwa imeshapoa kabisa. Nikaegemeza kipimajoto kwenye mfuko: nyuzi 17. Hawa ni samaki wa maji ya nyuzi 24 na kuendelea. Watatu walikuwa wamelala ubavu chini ya mfuko, mapezi yamebana mwilini, ile mistari yao myeusi imefifia hata huioni vizuri. Mmoja nilijua yu hai kwa kuangalia matamvua tu. Yalifunguka, yakakaa, ndipo yakajifunga.

Moyo unakutuma uwatie kwenye maji ya uvuguvugu papo hapo. Tafadhali usifanye hivyo. Mwili wa samaki hufuata joto la maji aliyomo, na kumpandisha nyuzi tisa kwa mkupuo ni kumpiga mara ya pili. Ndiyo maana naisifu hita hii: inaanzia nyuzi 18 na unaipandisha nyuzi moja moja. Niliyokuwa nayo zamani ilikuwa imepangwa 25 tangu kiwandani, haibadiliki.

Tangi langu la karantini, la kutengea samaki wapya, ni la lita 80, hita ni ya wati 100. Nilitayarisha maji ya nyuzi 18, nikauelesha mfuko dakika ishirini ukiwa bado umefungwa. Hilo la kuufunga lina sababu yake. Safarini kabonidioksidi hujaa mfukoni na kushusha pH (yaani maji yanakuwa na asidi zaidi), na amonia wanayotoa samaki wenyewe haiwi kali sana. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ileile inageuka sumu. Kwa hiyo nilipofungua sikupoteza muda: niliwahamisha kwa kikombe, maji ya mfuko nikayamwaga.

Kuanzia saa nne asubuhi nikawa napandisha nyuzi moja kila saa. Taa nilizima, kioo cha mbele nikakifunika taulo, pampu ya hewa ikafanya kazi muda wote, kwani maji yakipata joto hubeba oksijeni kidogo. Saa tisa, maji yakiwa 23, nikainua ncha ya taulo nikamwona mmoja amesimama wima katikati ya tangi, pezi la mgongoni limefunguka. Nilikaa sakafuni pale nikimtazama tu. Saa kumi na mbili jioni tulikuwa 26. Chakula sikuwapa hadi kesho yake jioni, tena kidogo sana.

Yule wa matamvua mazito alikufa usiku ule. Inaniuma hadi leo, na sidhani kuna hita ambayo ingemwokoa.

Siku ya tano mmoja akatoka vidoa vyeupe mkiani. Baridi hudhoofisha kinga, na ugonjwa huu hupenda kuja siku kadhaa baadaye, mtu akishadhani mambo yamekwisha. Nikapandisha hadi 29 polepole na kutia dawa. Joto huharakisha maisha ya kimelea anayeleta vidoa hivyo, na dawa humpata akiwa anaogelea majini, si akiwa chini ya ngozi. Kwa hiyo niliendelea nayo hata vidoa vilipopotea. Watano wamepona.

Kasoro zipo. Namba ya kwenye kioo chake inazidi joto halisi kwa nyuzi moja, nilihakikisha kwa vipimajoto viwili, kwa hiyo nunua kipimajoto chako usiitegemee yenyewe. Vile vishikio vya mpira vililegea mwezi wa sita, nikaikuta hita imelala mchangani. Na kwa kuwa ni ya kioo, ichomoe kwenye umeme robo saa kabla ya kupunguza maji, maana ikiwa nje ya maji bado ina moto hupasuka. Vishikio nimeshabadilisha, na ya pili ya aina hiihii nimeiweka tangi kubwa.